Jengo la Ghorofa Nyingi Dodoma: Linavyosanifiwa na Kujengwa, Hatua kwa Hatua

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina msingi wangu pale Makole, nilimwaga mwaka juzi kwa ajili ya ghorofa tatu. Sasa watu wanaotafuta ofisi za kupanga wananisumbua kila siku. Huu msingi hauwezi kubeba kumi?"

Swali la mzee huyu, au ndugu yake, nimelisikia mara nyingi tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016. Viwanja vimepanda bei, na kila mwenye kiwanja anatazama juu. Dodoma bado si mji wa minara ya mita mia na hamsini, lakini jengo la ghorofa nane au kumi linafuata sheria zile zile za maumbile zinazotawala majengo marefu kuliko yote duniani. Mwongozo huu unafuata kazi tangu karatasi ikiwa tupu hadi lifti inapopanda na mtu ndani. Nitakaa sana chini ya ardhi na kwenye zege, kwa sababu huko ndiko majengo mengi huharibikia. Rangi na vioo nitavipita haraka.

Hatua ya kwanza: taja idadi ya ghorofa, kisha usiibadilishe

Kabla ya kumtafuta mchoraji, chukua kalamu. Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,500 hivi kwa mita moja ya ujazo. Slabu yenye unene wa milimita 150 ina kilo 375 kwa kila mita ya mraba hata kabla hujaweka kiti juu yake. Ongeza bimu, nguzo, kuta za tofali, plasta, vigae na dari, halafu watu na makabati yao. Kwa hesabu ya kwenye kiganja mimi huchukua tani moja kwa kila mita ya mraba ya kila ghorofa. Mhandisi wako atakuja na namba sahihi zaidi, lakini hii inatosha kumwamsha mtu.

Nguzo zikipangwa mita sita kwa sita, nguzo ya katikati inabeba eneo la mita za mraba 36. Ghorofa tatu ni tani 108. Ghorofa kumi ni tani 360, juu ya nguzo ile ile. Udongo unaohimili tani 20 kwa mita ya mraba utataka kitako, au pedi kama wasemavyo mafundi, cha mita za mraba 18, yaani zaidi kidogo ya mita nne kila upande. Hilo linajengeka. Udongo unaohimili tani 5 tu utataka mita za mraba 72, mara mbili ya eneo zima linalohudumiwa na nguzo hiyo. Pedi zingepandana, kwa hiyo hapo msingi wa pedi umekufa na unatafuta njia nyingine.

Ndiyo maana swali la "msingi huu utabeba ngapi" limegeuzwa miguu juu. Idadi ya ghorofa ndiyo inayouzaa msingi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, likiwa na maduka na watu ndani. Anayetaka kuongeza ghorofa juu ya hesabu ya zamani ayakumbuke hayo mawili kabla hajaagiza tripu ya kwanza ya kokoto.

Angalia pia kama kiwanja chenyewe kinaruhusu urefu unaoutaka. Ofisi ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji itakuambia matumizi ya kiwanja na ghorofa zinazokubalika. Na kwa kuwa uwanja wa ndege wa zamani wa Dodoma uko karibu kabisa na katikati ya mji, ukijenga upande wa njia ya ndege utahitaji ridhaa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kimo. Uliza mapema. Kupunguza ghorofa mbili kwenye karatasi hakuna gharama.

Hatua ya pili: chimba ujue umekanyaga nini

Wazee wa Kigogo wanasema jina la Dodoma limetokana na *idodomya*, imezama, kwa ajili ya tembo aliyekwama kwenye tope alipofuata maji. Sijui mhandisi yeyote aliyepata ripoti ya udongo fupi na nzuri kuliko hiyo.

Mji huu una sura tatu za ardhi. Kuna miinuko ya miamba ya itale, kuna udongo mwekundu wa kichanga unaotelemka kutoka kwenye miamba hiyo, na kuna mabonde ya mbuga, ule udongo mfinyanzi mweusi. Mbuga ndiyo hatari zaidi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua za Desemba zikianza hunywa maji na kuvimba, na huinua ukuta kama unga wa maandazi. Jengo jepesi huinuliwa. Jengo zito huzama, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, na huko kuzama kwa upande ndiko kunakopasua bimu.

Kwa jengo refu usiridhike na shimo la kuchimba kwa sururu. Agiza uchorongaji, yaani kutoboa ardhi kwa mashine, angalau pembe za jengo na katikati, pamoja na kipimo cha kuhesabu mapigo ya nyundo kila kina. Sampuli ziende maabara. Na hapa kuna mtego wa Dodoma hasa: mawe makubwa yaliyozikwa. Mashine inagonga jiwe kwenye mita tano, wote wanashangilia kwamba wamefika kwenye mwamba. Kumbe ni jiwe lililolala peke yake kwenye udongo laini, ukubwa wa Land Cruiser. Dawa yake ni kuendelea kuchoronga ndani ya jiwe angalau mita tatu. Likipenya na udongo ukarudi, umeokoka.

Mwambie pia mchorongaji apime kina cha maji ya ardhini, na maji hayo yapimwe chumvi. Visima vya sehemu kadhaa za Dodoma vina maji ya chumvi, na chumvi ni adui wa nondo.

Hatua ya tatu: timu

Hii ni fupi kwa sababu sheria imeshaipanga. Unahitaji mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi waliosajiliwa na bodi yao, AQRB, wahandisi wa miundo, umeme na mitambo waliosajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB, na mkandarasi wa bodi ya makandarasi, CRB, ambaye daraja lake linaruhusu thamani ya kazi yako. Usikubali kuonyeshwa cheti kwenye simu. Ulizia kwenye bodi yenyewe. Mkadiriaji ndiye anayeandaa ule mchanganuo wa vifaa, kazi na gharama ambao saiti nzima huuita BOQ, na wenye majengo wengi humwona mtu wa kuongeza gharama. Mimi nimeona akiokoa hela nyingi kuliko alizolipwa, kwa kuhesabu tu nondo zilizoingia getini.

Hatua ya nne: usanifu wa mifupa

Zamani ukuta ndio uliobeba jengo, hivyo kadiri ulivyopanda juu ndivyo ukuta wa chini ulivyonenepa hadi kumaliza chumba. Mwaka 1885 kule Chicago, William Le Baron Jenney alimaliza jengo la Home Insurance, ghorofa kumi, kwa kutumia fremu ya chuma. Ukuta ukabaki kuwa nguo tu. Kabla ya hapo Elisha Otis alikuwa ameshatengeneza lifti yenye breki ya kuikamata kamba ikikatika. Mambo hayo mawili, fremu na lifti salama, ndiyo yaliyozaa jengo refu. Hapa kwetu fremu ni ya zege la nondo, lakini wazo halikubadilika.

Mzigo wa kwenda chini ni rahisi kuufuata: slabu inaupa bimu, bimu inaupa nguzo, nguzo inaupa pedi. Nguzo zipangwe juu ya nguzo, toka chini hadi paa. Mbunifu akitaka kuhamisha nguzo kwenye ghorofa ya pili ili ukumbi uwe mpana, hilo linawezekana, ila bimu ya kuubeba mzigo uliohamishwa itakula hela na kimo.

Kinachotofautisha jengo refu ni mzigo wa kutoka ubavuni. Anayeijua Dodoma ya Julai na Agosti anaujua upepo wake, ule unaobeba vumbi na mabati. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Na jengo likirefuka mara mbili, nguvu ya kulipindua pale chini huongezeka mara nne, hata kama upepo haukubadilika. Nguzo peke yake hazitoshi. Ndiyo maana lifti na ngazi huzungushiwa kuta nene za zege zinazopanda bila kukatika toka msingi hadi juu. Kiini hicho ndicho uti wa mgongo. Kikae katikati, kikibanwa kwenye kona moja, jengo hujisokota likisukumwa.

Majengo marefu zaidi hucheza na umbo. Fazlur Rahman Khan, mhandisi mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Bangladesh, alisukuma nguzo nyingi kwenye ukingo wa jengo ili jengo zima liwe kama bomba. Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, ina kiini cha katikati kinachoegemezwa na mbawa tatu, kila moja ikiuzuia mwenzake usiyumbe. Huhitaji hayo kwa ghorofa kumi za Makole.

Hesabu ya tetemeko unaihitaji. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linaishia kwenye eneo letu hili la kati. Milima ya Chenene na bonde la Bahi ni sehemu ya mipasuko hiyo, na Dodoma hutikiswa mara kwa mara. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilionyesha kinachozipata nyumba zisizofungwa vizuri. Mambo mawili yatazame kwenye mchoro. La kwanza ni fremu za maduka chini: ghorofa ya chini ikiwa wazi, nguzo tupu na milango ya kukunja, wakati za juu zimejaa kuta, jengo lina miguu dhaifu kuliko mwili. Mhandisi aongeze kuta za zege au nguzo nene pale chini. La pili ni ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo kubwa kwa kuzizunguka. Karibu na maungio ya bimu na nguzo ringi zibanane, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege. Fundi akiziacha kona ya mraba tu, zege la nje likibanduka ringi hufunguka kama mkanda wa suruali.

Hatua ya tano: maji, moto na vibali

Kila mita kumi za kimo zinataka kama bari moja ya msukumo wa maji. Jengo la mita 35 linahitaji bari tatu na nusu kufika tu juu, kabla bomba la kuoga halijapata nguvu. Bomba la mtaani halikuahidi hivyo. Weka tenki chini ya ardhi, pampu mbili ili moja ikifa nyingine ipige kazi, na tenki juu. Mwambie mhandisi wa miundo mapema lita ngapi zitakaa juu: lita 20,000 ni tani 20, na zitakaa pale kila siku.

Ngazi ziwe mbili, mbali moja na nyingine, zenye milango ya kuzuia moshi. Michoro ipite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. NEMC, wasimamizi wa mazingira, watataka tathmini ya mazingira, OSHA, wasimamizi wa usalama kazini, watasajili saiti, na Jiji litatoa kibali cha ujenzi baada ya kuona michoro yote pamoja na ripoti ya udongo. Bandika kibali saiti. Usianze kuchimba ukisubiri kibali. Nimeona alama ya X nyekundu ikipigwa kwenye msingi mzuri kabisa.

Hatua ya sita: chini ya ardhi

Panga kuchimba Mei au Juni ili uwe umefunika msingi kabla ya Desemba. Dodoma inakupa miezi mingi ya ukavu, zawadi ambayo wenzetu wa pwani hawana.

Aina ya msingi inatoka kwenye ripoti. Mwamba au kichanga kigumu karibu: pedi. Udongo wa wastani: slabu moja nene chini ya jengo zima, inayosambaza mzigo. Mbuga nene au udongo laini: paili, nguzo za zege zinazozamishwa hadi kwenye tabaka gumu. Paili za Burj Khalifa zina kipenyo cha mita moja na nusu na ziko zaidi ya mita 50 chini. Hazikugusa mwamba mgumu, zinashikwa na msuguano wa ubavu wake. Hapa mara nyingi mwamba hauko mbali hivyo.

Shimo la kina cha zaidi ya mita moja na nusu likiwa wima bila kuzuiliwa ni kaburi linalosubiri. Kata kingo kwa mteremko, au weka vizuizi vya mbao na chuma. Ukipakana na nyumba ya jirani, piga picha nyufa zake zote siku moja kabla ya kuanza, yeye akiwepo. Picha hizo zitakuokoa na mengi.

Hatua ya saba: zege, na siku mbili nilizojifunza kwa uchungu

Hapa ndipo jengo linapotengenezwa kweli. Vipimo vifuatavyo unaweza kuvifanya mwenyewe.

Nondo: pima uzito. Nondo ya milimita 16, urefu wa mita 12, inapaswa kuwa na kilo 19 hivi. Ya milimita 12 kilo 10.7. Hesabu yake ni kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ile ya 16 ikisoma chini ya kilo 18, irudi ilikotoka. Sokoni kuna nondo "za 16" ambazo hazijawahi kuwa 16.

Mchanga: wetu mwingi unatoka kwenye makorongo, na korongo huleta tope pamoja na mchanga. Chukua chupa safi, jaza mchanga nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, iache mezani kwa muda wa saa tatu. Tope litakaa juu kama utandu wa kahawia. Likizidi sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Maji: mfuko wa saruji wa kilo 50 hautaki zaidi ya lita 25 hivi, ukitoa unyevu uliomo kwenye mchanga. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Kwenye jengo moja la ghorofa sita upande wa Nzuguni, tulichelewa kuanza kumwaga nguzo, saa sita mchana ikatukuta. Upepo ule mkavu ukawa unakausha zege kwenye toroli kabla halijafika. Nilikwenda kupokea simu. Niliporudi, kijana wa mikisa alikuwa ameongeza ndoo ya maji kila mchanganyo "ili liteleze". Lilikuwa linateleza kweli. Siku ya pili tukafungua mbao, nguzo zikang'aa kama zimepigwa rangi, na mwenye jengo akatusifu.

Maabara haikutusifu. Kila tunapomwaga huwa tunajaza vyuma vya mraba vya milimita 150 kila upande, tunaloweka bonge hilo la zege, na kulivunja kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Kwa zege la nguvu ya 25, yaani nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, bonge linapaswa kuhimili karibu tani 57 kabla ya kupasuka. La kwetu lilipasuka kwenye 38. Tukazivunja nguzo tisa kwa nyundo, mchana kutwa, huku mama lishe akituuliza kama tumechanganyikiwa.

Tangu hapo zege namwaga alfajiri au jioni, na hakuna ndoo karibu na mikisa isipokuwa ile iliyopimwa. Kipimo cha koni ya milimita 300 kifanyike kila lori: jaza, inua, pima zege limeshuka kiasi gani. Milimita 75 hadi 100 inatosha kwa kazi ya mkono. Ya pampu huwa laini zaidi, lakini ulaini huo utokane na dawa ya kulainisha.

Mzunguko wa ghorofa moja uko hivi. Funga nondo za nguzo, simamisha mbao, pima wima kwa timazi au leza, mwaga, shindilia kwa vaibreta hadi mapovu yaishe. Kisha tandaza mbao za slabu juu ya mirunda au nguzo za chuma, weka mabomba ya umeme, funga nondo, inua nondo kwa vile vipande vya zege viitwavyo biskuti ili zisilale kwenye ubao. Mhandisi aje aone kabla ya kumwaga. Baada ya kumwaga hana cha kuona. Mwaga slabu bila kukatisha, na kama lazima ukate, ukate pale mhandisi alipochora.

Halafu mwagilia. Hewa yetu kavu hunyonya maji ya slabu hadi nyufa ndogo zinatokea jioni ile ile. Funika kwa magunia yaliyolowa au karatasi ya plastiki, na uyalowanishe kwa siku saba zisizopungua. Wikendi nazo ni siku.

Siku ya pili ya uchungu ilikuwa ya mirunda. Fundi seremala alihitaji mirunda juu, akaing'oa yote ya ghorofa iliyotangulia, slabu ikiwa na siku tisa. Slabu mbichi ya juu inabebwa na iliyo chini yake kupitia mirunda. Ukiiondoa, kijana anambeba mtu mzima. Ilipinda sentimita tatu, hatukupata majeruhi, na bado ipo hivyo, dari ya jipsamu imeificha. Acha ghorofa mbili zenye mirunda chini ya ile unayoimwaga, na nunua mirunda ya kutosha tangu mwanzo.

Hatua ya nane: kuvaa na kukabidhi

Kuta za ndani zianze ghorofa za chini wakati fremu inaendelea juu, ukiacha nafasi ndogo kati ya tofali na bimu ili fremu icheze bila kulipasua. Vioo vya upande wa magharibi vipe kivuli, la sivyo ghorofa nzima itaishi kwa kiyoyozi. Neti za kuzuia vitu kudondoka zikae hadi siku ya mwisho. Nyundo inayodondoka toka ghorofa ya nane haichagui mpita njia.

Mashimo ya lifti yapimwe wima mara nyingi wakati wa kujenga, kwa sababu reli za lifti hazisamehe ukuta uliopinda. Lifti ijaribiwe na mzigo kabla ya mtu, breki zifungwe kwa makusudi, na king'ora na taa za dharura zijaribiwe umeme ukiwa umezimwa.

Mkandarasi akikabidhi funguo, dai na michoro ya jengo lilivyojengwa kweli, majibu ya maabara ya kila slabu na ripoti ya udongo. Mzee wa Makole hakuwa na hata karatasi moja ya msingi wake. Ilitubidi tufukue pedi mbili tuzipime. Ukubwa wake ulitosha ghorofa tatu tu. Alijenga ghorofa tatu pale pale, na sasa ametafuta kiwanja kingine cha zile kumi. Wiki iliyopita alinipigia kuniuliza wachorongaji wanafika lini.